Kromosomu za kambare: mwongozo kamili wa kupata slaidi inayohesabika

Kila msimu wa tafiti za mwisho wa chuo swali ni lilelile: "Nimefuata maelekezo yote, mbona naona viini vya duara tu, kromosomu sizioni?" Wengine wanaziona, lakini zimerundikana kama uji ulioganda. Wengine wanahesabu 41 kwenye seli hii, 63 kwenye ile, kisha wanachagua namba inayolingana na kitabu. Hilo la mwisho usilifanye.

Tatizo mara nyingi haliko kwenye hadubini wala kwenye rangi. Liko nyuma kule, samaki alipokuwa bado hai na seli zake bado zinapumua. Ukishatia fiksativu, yaani mchanganyiko unaokaza seli zibaki jinsi zilivyo, kosa ulilofanya kabla yake halirekebishiki. Kwa hiyo hatua za mwanzo nimezieleza kwa urefu, za mwisho kwa ufupi.

Samaki wetu ni kambare wa kawaida, Clarias gariepinus, yule wa Ziwa Victoria, wa mito na wa mabwawa ya kufugia. Seli yake ya mwili ina kromosomu 56. Utaratibu ni wa kutumia figo, bila kuotesha seli kwenye chupa.

## Andaa hivi kabla ya kununua samaki

Samaki. Kambare wadogo wazima wa gramu 30 hadi 100, watano au zaidi. Wadogo bado wanakua, kwa hiyo seli zao zinagawanyika kwa wingi. Kambare mkubwa wa kilo mbili anavutia machoni, ila figo yake itakupa seli chache zinazogawanyika, na atakulia dawa nyingi.

Dawa na kemikali:

- Kolichisini ya maabara, asilimia 0.05: gramu 0.05 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi (chumvi gramu 0.9 kwa kila mililita 100). Iweke kwenye chupa nyeusi, ndani ya friji.
- Potasiamu kloridi, gramu 0.56 kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Hii ndiyo 0.075 M (moli kwa lita) unayoiona kwenye maandiko.
- Methanoli, na asidi ya asetiki isiyo na maji. Siki ya dukani haifai, sehemu kubwa yake ni maji.
- Rangi ya Giemsa, na bafa ya fosfeti (kimiminika kinachodumisha pH) ya pH 6.8.
- Hamira ya mkate, na glukosi ya unga.
- Mafuta ya karafuu ya kumlaza samaki.

Giemsa usiitafute mbali. Maabara yoyote inayopima malaria kwa hadubini inayo, na mara nyingi methanoli pia. Bafa yao huwa ya pH 7.2. Itafanya kazi, ingawa rangi itaelekea ubuluu zaidi.

Vifaa. Mabomba ya sindano ya mililita 1, mkasi mdogo, kibano, visahani vya maabara, pipeti za plastiki, mirija ya mililita 15, sentrifuji, slaidi, mizani, kipimajoto, na hadubini yenye lenzi ya 100 ya mafuta. Sentrifuji ya mkojo ya zahanati inatosha. Kama huna kabisa, kuna njia ya matamvua nimeieleza mbele.

Kibali. Utafiti wa wanyama hai unahitaji ruhusa ya kamati ya maadili ya chuo chako. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya. Anza mapema, maana karatasi huchelewa kuliko samaki.

## Onyo la kwanza, na kubwa

Kolichisini ni sumu. Inazuia seli kugawanyika, na haichagui kama ni seli ya kambare au ya kwako. Vaa glavu na miwani unapoipima, na usirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili.

Samaki aliyechomwa kolichisini haliwi. Asiende jikoni, asipewe paka, nguruwe wala kuku. Kuipika hakuiondoi. Nasisitiza kwa sababu kambare ni kitoweo, na maabara zetu zina walinzi, wafanya usafi na wageni. Andika SUMU kwenye ndoo kwa herufi kubwa, kisha mabaki yachomwe kwenye tanuru au yafukiwe kwa kina.

Kuna wanaouliza kuhusu vidonge vya jongo, kwa kuwa navyo vina kolichisini. Achana navyo. Vina vijazo visivyoyeyuka, hujui umechoma kiasi gani, na vinaziba sindano.

## Hatua ya 1: Mpumzishe samaki

Kambare aliyetoka sokoni ndani ya ndoo yenye msongamano, akiwa na njaa, ana seli chache zinazogawanyika. Mwili ulio kwenye dhiki huahirisha kujenga. Mweke kwenye tangi safi siku nne au tano, maji yawe kati ya nyuzi 25 na 28, na umlishe vizuri.

Joto ni la kuangalia sana kwa walio Nairobi, Arusha, Mbeya au Iringa. Maji ya nyuzi 18 hayatamuua kambare, lakini figo yake itafanya kazi polepole na slaidi itatoka tupu. Tumia hita ya tangi.

Funika tangi na uweke kitu kizito juu. Kambare hupumua hewa na hutembea. Ukimwacha wazi usiku, asubuhi utamkuta chini ya meza. Usijaze maji hadi ukingoni, abaki na nafasi ya kupanda juu kuvuta pumzi.

Kabla hujaendelea, mtambue samaki. Kambare wa kawaida hana pezi la mafuta nyuma ya pezi refu la mgongoni. Jamaa yake Heterobranchus longifilis analo, tena kubwa. Ziwa Victoria lina pia Clarias wengine wadogo, kama C. alluaudi na C. liocephalus, kwa hiyo udogo peke yake si ushahidi kwamba ni kifaranga wa gariepinus. Mpige picha, mpime, na kipande cha pezi ukihifadhi kwenye ethanoli. Msimamizi akikuuliza baadaye kama una hakika na samaki wako, utakuwa na cha kumwonyesha.

Umefanikiwa kama: samaki anakula kwa pupa na anakimbia kivuli cha mkono wako.

## Hatua ya 2: Amsha figo kwa hamira

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha slaidi yenye metafazi mbili (seli zinazogawanyika, kromosomu zikionekana wazi) na ile yenye metafazi tele.

Changanya hamira gramu 3, glukosi gramu 7 na maji mililita 25 ya nyuzi 40. Acha dakika 20 hadi povu lipande. Mchome samaki mililita 1 kwa kila gramu 100 za uzito, kwenye mnofu wa pembeni mwa pezi la mgongoni. Mrudishe kwenye tangi kwa saa 24.

Mwili wa samaki unaipokea hamira kama uvamizi, hivyo figo inazalisha seli za damu kwa kasi ili kujilinda. Sisi tunazitaka seli hizo zikiwa katikati ya kugawanyika.

Mshike kwa kitambaa kilicholowa na ujihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani. Wavuvi wanaomtumia mumi, yaani kambare, kama chambo cha sangara wanajua vizuri uchungu wa miiba hiyo.

## Hatua ya 3: Kolichisini, na saa ukutani

Siku ya pili, asubuhi, mpime upya. Mchome kolichisini ya asilimia 0.05, mililita 1 kwa gramu 100, tumboni. Sindano iingie kwa mshazari, isizame wima, usije ukatoboa ini. Mrudishe kwenye maji ya joto lilelile, yenye pampu ya hewa, mahali penye giza kidogo.

Kolichisini inavunja nyuzi zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili za seli. Seli inayogawanyika inafika metafazi, hatua ambayo kromosomu zimejikunja na kuonekana wazi, halafu inakwama hapo. Kadiri unavyosubiri, ndivyo seli zilizokwama zinavyoongezeka. Lakini kromosomu nazo zinaendelea kujikunja na kuwa fupi.

Kwa hiyo jiulize unataka nini. Kama unahesabu tu, kusubiri kwa muda wa saa 4 hadi 5 ni sawa. Kama unataka kupima urefu wa mikono ya kromosomu (sehemu zake mbili kutoka pale inapobanwa), mtoe baada ya saa 3 tu. Anayemwacha samaki usiku kucha ili "zipatikane nyingi" anaishia na vidonge vyeusi visivyo na umbo.

## Hatua ya 4: Toa figo ya mbele

Mlaze samaki kwenye maji yenye mafuta ya karafuu. Mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe, yatikise kwanza kwenye ethanoli kidogo. Kambare ni mgumu kulala kuliko sato kwa sababu anavuta hewa, basi hakikisha amezama. Subiri hadi vifuniko vya matamvua vikome kabisa, uongeze dakika 10, ndipo ukate uti wa mgongo nyuma ya kichwa.

Pasua tumbo, sogeza utumbo na ini. Figo ni nyama laini ya rangi nyekundu iliyoiva, imebandikwa chini ya uti wa mgongo. Chukua sehemu ya mbele, karibu na fuvu: hapo ndipo damu inapotengenezwa. Sehemu ya nyuma ina kazi zaidi ya kuchuja mkojo.

Angalia pia jinsia kwa kufungua korodani au ovari, na uandike. Kwa kambare jambo hili lina uzito, kwa sababu tafiti zimeripoti mfumo wa kromosomu za jinsia wa ZZ/ZW (jike ndiye mwenye mbili zisizofanana) kwenye baadhi ya makundi na XX/XY (dume ndiye mwenye mbili zisizofanana) kwenye mengine. Slaidi isiyo na jinsia ya samaki wake haisaidii kitu hapo.

Kuanzia samaki anapokufa hadi figo inapoingia kwenye myeyusho, zisipite dakika tano. Andaa kila kitu mezani kwanza.

## Hatua ya 5: Maji hafifu, mahali wengi wanapoangukia

Weka figo kwenye kisahani chenye mililita 7 za potasiamu kloridi, ndiyo maji hafifu yenyewe. Ikatekate kwa mkasi, kisha vuta na kusukuma taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hadi maji yawe na ukungu mwekundu. Usitengeneze mapovu. Acha vipande vizito vitue, kisha hamisha ukungu kwenye mrija.

Saa inaanza kuhesabiwa tangu figo ilipogusa myeyusho, wala si tangu ulipoingiza kwenye mrija. Watu wengi wanapoteza dakika kumi wakikatakata, halafu wanaongeza thelathini kamili juu yake.

Myeyusho huu una chumvi kidogo kuliko seli, hivyo maji yanaingia ndani. Chembe nyekundu za damu nyingi zinapasuka. Seli tunazozitaka zinavimba, na kromosomu zinapata nafasi ya kuachana. Zikivimba kidogo mno, kromosomu zitabaki fungu moja. Zikizidi, zitapasuka kabla ya wakati na kromosomu za seli moja zitatawanyika kwa jirani. Hapo ndipo zinapotoka zile hesabu za 41 na 63.

Anza na dakika 30 kwa nyuzi 25 hadi 28. Ila usiniamini mimi wala kitabu chochote kwa namba hii. Gawa ukungu wa samaki wa kwanza kwenye mirija mitatu: mmoja dakika 20, wa pili 30, wa tatu 40. Tengeneza slaidi za kila mrija, kisha uchague muda unaoifaa maabara yako. Kumpoteza samaki mmoja kwa jaribio hili ni nafuu kuliko kuwapoteza wote watano.

Umefanikiwa kama: ukungu umekuwa mwepesi na mwekundu angavu, bila nyuzi za utelezi. Utelezi ukivutika kama ute wa bamia, seli zimeshapasuka. Mwaga, anza na mrija mwingine.

## Hatua ya 6: Fiksativu

Changanya methanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki sehemu 1, siku hiyohiyo, na uiweke kwenye barafu. Ya jana imeshaanza kubadilika: asidi na methanoli hujibizana polepole, maji yanazalishwa humo, na nguvu inapungua. Mvuke wake unawasha na unashika moto, fanyia kazi penye hewa, mbali na jiko la gesi.

1. Muda wa maji hafifu ukiisha, dondosha matone 10 ya fiksativu ndani ya mrija na ugeuze taratibu. Hii inazizoesha seli, zisishtuke na kushikana.
2. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 kwa mizunguko 1,000 kwa dakika. Kasi kubwa inaziponda.
3. Mwaga maji ya juu, bakiza nusu mililita. Piga mrija kwa kidole hadi mashapo yote yaachane.
4. Ongeza fiksativu baridi tone kwa tone huku ukitikisa, hadi mililita 5. Ukimimina kwa mkupuo utapata donge, na donge halifunguki tena.
5. Subiri dakika 20. Zungusha tena, badilisha fiksativu. Rudia hadi iwe mara tatu.

Mashapo yanaanza na rangi ya kahawia na kumalizia meupe. Yakibaki ya kahawia, badilisha mara ya nne. Mwisho yaache kwenye fiksativu kidogo tu, ukungu uwe kama maji yaliyooshewa mchele.

Hapa unaweza kupumzika. Mrija uliofungwa vizuri hukaa miezi kwenye friza, na umeme ukikatika seli hazitaharibika haraka.

## Hatua ya 7: Kudondosha

Osha slaidi kwa sabuni, suuza, loweka kwenye ethanoli, kisha ziweke kwenye maji baridi yaliyotoneshwa. Slaidi safi inashika maji kama utando mmoja. Yakijikusanya matone, bado ina mafuta.

Inamisha slaidi kidogo, dondosha matone mawili au matatu kutoka kimo cha sentimita 30 hivi. Utaona watu wakipanda juu ya stuli ili tone lianguke kwa kishindo. Si lazima. Kinachotandaza kromosomu ni kasi ya kukauka, na hiyo inategemea unyevu wa hewa. Dar es Salaam na Mombasa slaidi hukauka polepole na kromosomu zinaweza kutawanyika kupita kiasi, basi iweke juu ya kitu chenye nyuzi 40 hadi 45. Dodoma wakati wa kiangazi inakauka kabla hazijafunguka. Hapo pumulia slaidi mara moja kabla ya tone, au ipitishe juu ya mvuke wa maji moto.

Tengeneza slaidi moja kwanza. Itazame bila rangi kwa lenzi ya 10, ukiwa umeshusha kondensa (lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi). Ukiona mafungu ya vidoti vya kijivu vilivyolala bapa, endelea na nyingine. Ukiona duara linalong'aa kuzunguka kila fungu, maji maji ya seli bado yapo: badilisha fiksativu mara moja zaidi, urudie.

## Hatua ya 8: Rangi na hesabu

Giemsa ya asilimia 5 kwenye bafa, dakika 10 hadi 15. Suuza kwa maji yanayotiririka polepole ili utando wa juu uelee na kuondoka, kisha kausha slaidi ikiwa imesimama.

Tafuta metafazi kwa lenzi ya 10 au 40, hesabu kwa lenzi ya 100. Chagua zile zilizo peke yake, zenye umbo la mviringo, zisizopandana. Piga picha, na uhesabu kwenye picha ukiweka alama juu ya kila kromosomu. Hesabu seli 30 au zaidi kwa kila samaki, na uandike zote, hata zinazokukera.

Namba ya samaki ni ile inayojirudia zaidi. Chache zitakuwa chini ya 56 kwa sababu kromosomu hupotea wakati wa kudondosha, na hilo ni la kawaida. Zikiwa chini nyingi sana, rudi hatua ya 5.

Namba nyingine zina maana yake. Kama 54 ndiyo inayojirudia, mshuku chotara: Heterobranchus longifilis ana 52, hivyo mtoto anachukua 28 kwa kambare na 26 kwa Heterobranchus. Ukiwa kwenye kituo kinachozalisha vifaranga tasa wenye seti tatu za kromosomu, unatarajia 84. Lakini 56 peke yake haithibitishi spishi. Ndiyo maana ulihifadhi pezi.

Kwa kupanga kromosomu, pima mikono kwa programu ya bure ya ImageJ, gawanya mkono mrefu kwa mfupi. Uwiano huo ndio unaotaja kundi la umbo: hadi 1.7 ni metasentriki, hadi 3 ni sabumetasentriki, hadi 7 ni sabutelosentriki, zaidi ya hapo ni akrosentriki. Pima seli 5 hadi 10 zilizo bora, usipime iliyojikunja sana, maana mkono mfupi utaupoteza na kundi litabadilika.

## Kama huna sentrifuji

Tumia matamvua. Baada ya kolichisini, kata nyuzi za matamvua, ziweke kwenye potasiamu kloridi dakika 30, kisha kwenye fiksativu mara mbili, nusu saa kila mara. Gusisha kwenye karatasi ikauke kidogo, kisha ziponde taratibu kwenye matone ya asidi ya asetiki ya asilimia 50. Vuta ukungu kwa pipeti, weka tone kwenye slaidi yenye nyuzi 45, na baada ya sekunde chache lifyonze tena. Inabaki pete ya seli zilizokauka. Paka Giemsa na utazame kwenye ukingo wa pete. Ni njia ya Kligerman na Bloom ya mwaka 1977, na kwa kuhesabu tu naipenda kwa kuwa inasamehe.

## Slaidi imeharibika, anzia wapi?

Viini vya duara tu, metafazi hakuna. Samaki alikuwa baridi, mwenye njaa au mzee, au kolichisini imeharibiwa na mwanga. Fanya upya hatua ya 1 na 2 kabla ya kununua dawa mpya.

Metafazi zipo, zimerundikana. Muda wa maji hafifu ulikuwa mfupi, au mizani ilikosea na potasiamu kloridi ni kali. Pima upya gramu.

Kromosomu zimetapakaa slaidi nzima. Muda wa maji hafifu ulikuwa mrefu, au ulipuliza slaidi kwa nguvu. Kama mrija bado una seli, dondosha kwenye slaidi kavu kutoka kimo kifupi. Unaweza kuokoa kadhaa.

Vidonge vifupi vyeusi. Kolichisini ilikaa muda mrefu. Hesabu zitafaa, vipimo vya mikono havitafaa.

Mandhari ya buluu yenye vumbi. Giemsa imeganda juu. Chuja rangi, osha slaidi kwa methanoli hadi iwe nyeupe, upake tena. Kati ya haya yote, hili ndilo pekee linalorekebishika likiwa limeshafika mwisho.